Neno la siri lilikuwa toto

Wababa na wamama, walimu wenzangu, vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira hapa Bukavu, hamjambo. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nianze na Januari ya 2019, kwani wengi humu mnaikumbuka. Sisi Wakongo tulipiga kura tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, na ujumbe mfupi nao ukakauka. Siku 20. Mimi nilikuwa na kadi ya simu ya Rwanda, maana sisi wa mpakani tunaishi na kadi mbili. Kila jioni niliteremka Nguba hadi pale ambapo mtandao wa Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, unashika, mfukoni nina vikaratasi vya majirani: namba, jina, maneno machache. "Mwambie tuko wazima." "Muulize kama mzigo umetoka." Nasimama kando ya ukuta, mkono juu, nasubiri vile vijiti viwili vya mtandao vitokee kwenye kioo. Mama mmoja alinipa karatasi ileile siku nne mfululizo, kwani mwanawe aliyeko Nairobi alikuwa kimya. Siku ya tano kijana akajibu neno moja tu: "Mama?" Nilipanda kilima nikikimbia.

Lakini mtu wa Shabunda, kule mbali msituni, afanyeje? Hana daraja la Ruzizi, hana mtandao wa jirani wa kuazima. Siku zile haki ya kuzungumza ilikuwa ya aliyebahatika kukaa karibu na mpaka. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu hapo vijana wananiuliza: "Mwalimu, wadukuzi wapo. Kwa nini wasiangushe tovuti za wakubwa, nao waonje?" Swali hili naliheshimu kwa sababu limetoka kwenye uchungu. Ndilo lililonileta hapa.

Kuangusha tovuti hakuna uchawi. Chukueni duka moja pale soko la Kadutu. Watu elfu kumi wanasukumana mlangoni, hakuna anayenunua, na mnunuzi wa kweli anarudi nyumbani mikono mitupu. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, nayo hulemewa hivyohivyo. Kuzima intaneti ya nchi ni rahisi zaidi: barua inatoka serikalini kwenda kwa kampuni za simu, kampuni inaogopa kunyang'anywa leseni, na mhandisi wake anaondoa zile njia ambazo kwazo ruta zetu, mashine zinazoelekeza safari za mtandao, huitangazia dunia kwamba tupo. Hapo VPN, ile programu ya kupitia njia ya kificho mtandaoni, haikusaidii kitu. VPN hukusaidia pale WhatsApp au Facebook peke yake imezibwa, kama Desemba 2016. Barabara yenyewe ikivunjwa, hata ukijificha ndani ya gari hufiki.

Sasa, neno la Kiingereza linalounganisha udukuzi na uanaharakati, hacktivism, lilizaliwa mwaka 1996, katika kundi la wadukuzi wa Marekani linaloitwa Cult of the Dead Cow. Mwishoni mwa Desemba 1998 kundi jingine, Legions of the Underground, lilitangaza vita ya kuharibu mitandao ya China na Iraq kwa sababu ya haki za binadamu. Januari 1999 wadukuzi wenzao, wakiwemo hao wa Dead Cow na Chaos Computer Club wa Ujerumani, waliwakatalia hadharani. Hoja yao ilikuwa kwamba huwezi kuwapa watu uhuru wa habari kwa kuwavunjia mitandao yao. Waliosema hivyo hawakuwa mawaziri wala polisi. Walikuwa wadukuzi, watu wenye uwezo wa kuvunja. Mimi nasimama nao.

Tazameni Tunisia, Januari 2011. Kundi la wadukuzi wasiojulikana majina, Anonymous, liliangusha tovuti za serikali, na dunia ikapiga makofi. Wakati huohuo Watunisia walikuwa wakiibiwa maneno ya siri ya Facebook na Gmail kwa vijistari vya programu vilivyopachikwa kwenye ukurasa wa kuingilia. Wengine wa hukohuko Anonymous wakaandika kijiprogramu cha kuvifuta vijistari hivyo. Kazi hiyo ya pili haikuvuma sana, lakini ndiyo iliyomkinga mtu asikamatwe usiku.

Na Misri! Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011, karibu nchi yote ilitoweka kwenye intaneti kwa siku tano. Ila simu za waya zilikuwa bado zinapiga nje. Ufaransa kuna shirika dogo la watu wa kujitolea, FDN, lililokuwa na modemu zake za zamani, vile vifaa vya kuingia intaneti kwa waya wa simu, zile zinazolia kama panya. Wakafungua namba moja ya Paris: Mmisri yeyote mwenye simu ya mezani na modemu anapiga, anaingia. Jina la mtumiaji, toto. Neno la siri, toto. Wafaransa huandika toto wanapotaka jina lolote tu, lakini mimi niliposoma habari hiyo nilisikia Kiswahili, nikamwona mtoto amesimama mlangoni, anafunguliwa.

Kwetu Kongo, mwenye kufunga intaneti alikuwa na karatasi mkononi. Sheria ya mawasiliano ya 16 Oktoba 2002, kifungu cha 46, iliiruhusu serikali kuzuia mawasiliano kwa ajili ya usalama, ulinzi wa nchi, au "kwa sababu nyingine yoyote". Rudieni maneno hayo manne polepole. Sababu nyingine yoyote! Sheria hiyo ilibadilishwa 25 Novemba 2020, lakini mpya nayo imeiachia serikali uwezo wa kuzuia kwa jina la usalama. Na Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 23 na cha 24, inasema tuna haki ya kutoa maoni na kupata habari. Karatasi mbili zinagombana, na hakuna tovuti iliyoangushwa itakayoamua ugomvi huo. Togo ilizima intaneti Septemba 2017. Mashirika na mwandishi mmoja wakaenda mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, na tarehe 25 Juni 2020 wakashinda. Sisi hatumo ECOWAS. Lakini Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu tumo, na kifungu chake cha 9 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari.

Mahakamani wanataka ushahidi. Kuna programu ya bure, OONI Probe: unaiweka kwenye simu, inapima ni tovuti gani imezibwa, saa ngapi, kwenye kampuni gani. Wanafunzi wangu watawasaidia kuiweka, pale mezani karibu na dirisha. Mjue tu kwamba inakula mega, na matokeo yake hutangazwa hadharani, kwa hiyo mwenye sababu ya kuogopa asiiweke.

Mama pale nyuma ameinua mkono. Anauza vitenge, anasema simu yake ni ya vitufe, haina intaneti, je, yeye afanye nini? Mama, Januari ile ulikuwa na daftari la mauzo? Unalo bado, na siku ambazo mzigo ulikwama kwa sababu hukumpata mtu wako umeziandika? Basi usilitupe. Jumatatu nitakuja dukani kwako, unionyeshe kurasa hizo, tuzipige picha moja moja.