Mtoto wa Miezi 15: Mhadhara juu ya Kazi ya Richard Gelles

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa ustawi wa jamii ambao si muda mrefu mtapangiwa halmashauri na kukabidhiwa mafaili ya familia msizozijua:

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kitaaluma ya mtafiti mmoja wa ukatili wa majumbani. Nimemchagua Richard Gelles, Mmarekani aliyefariki mwaka 2020, kwa sababu aliitetea kwa miaka mingi rai kwamba familia yenye ukatili isaidiwe ibaki pamoja, kisha, jina lake likiwa limekwisha kuwa kubwa, akaandika waziwazi kwamba alikuwa amekosea. Wasomi wanaobadili rai kimyakimya ni wengi. Wanaokiri mbele ya watu ni wachache.

Gelles alisomea sosholojia na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, alikofundishwa na Murray Straus. Wakati huo ukatili dhidi ya watoto ulikuwa jambo la madaktari. Mwaka 1962 daktari Henry Kempe na wenzake walikuwa wameeleza dalili za mtoto aliyepigwa nyumbani, mifupa iliyovunjika kwa nyakati tofauti na mzazi asiye na maelezo ya kueleweka, na maelezo yao yaliishtua Marekani. Lakini daktari humwona yule tu aliyefikishwa hospitali. Gelles alihoji watu wa familia 80, nusu yake zikiwa zimepatikana kupitia mafaili ya polisi na ya shirika la huduma za jamii, na nusu nyingine zikiwa ni majirani wa familia hizo, watu ambao hakuna aliyewahi kuwalalamikia. Kwa majirani nako alikuta vipigo. Kitabu kilichotokana na mahojiano hayo kilitoka mwaka 1974, na mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba akili yote ya utafiti ule ilikuwa katika kuvuka ua na kubisha hodi mlango wa pili.

Baada ya hapo yeye, Straus na Suzanne Steinmetz walifanya utafiti wa nchi nzima mwaka 1975, wakahoji familia 2,143. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jambo lililofanyika lilikuwa katika namna ya kuuliza. Mhojiwa hakuulizwa kama nyumbani kwake kuna ukatili. Aliambiwa kwamba kila nyumba ina kutoelewana, kisha akasomewa orodha ya mambo ambayo watu hufanya wanapogombana, kuanzia kuzungumza kwa utulivu, kupitia kutukanana na kununa, hadi kurusha kitu, kusukuma, kupiga kofi, kupiga teke, kupiga kwa kitu na kutumia kisu au bunduki. Na kwa kila moja akaulizwa limetokea mara ngapi katika miezi 12 iliyopita. Kwa orodha hiyo iliyobuniwa na Straus, asilimia 16 hivi ya wanandoa walionekana kuwa na kitendo kimoja au zaidi cha kupigana kwa mwaka huo.

Hata hapa kwetu njia hiyo tunaijua. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2005, uliuliza kitendo kimojakimoja namna hiyo, na wanawake waliowahi kuwa na mwenzi waliosema wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi wao walikuwa asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya. Nami katika ujana wangu wa kazi nilijifunza kwa nini inabidi iwe hivyo. Nilimuuliza mama mmoja, tumekaa kwenye mkeka anachambua mchele, kama mumewe anamfanyia ukatili. Akanijibu, hapana mwanangu, baba watoto ni mtu mwema. Nikaendelea na orodha, na nilipofika kwenye kofi akacheka, akasema, aa, kofi, hilo nalo la kuandika? Nililiandika. Kisha akaniambia, bila mimi kuuliza, kuhusu mwiko wa ugali.

Lakini orodha ile ilileta ugomvi ambao haujaisha mpaka leo. Katika hesabu ya 1975 wake walionekana kupiga waume zao kwa kiwango kinachokaribia kile cha waume kupiga wake, na watafiti kama Rebecca na Russell Dobash walipinga kwa nguvu, wakisema kwamba kuhesabu vitendo bila kuuliza nani alianza, nani aliumia na nani anaishi kwa hofu ni kulinganisha vitu visivyolingana. Mimi katika hili niko upande wa akina Dobash. Kofi la mtu anayejitetea mlangoni na kofi la mtu aliyefunga mlango huo kwa ufunguo hayawekwi kwenye safu moja ya jedwali. Gelles mwenyewe aliandika mara nyingi kwamba wanawake ndio wanaoumia zaidi, ila namba huwa na miguu yao wenyewe, na zile zilikwisha ondoka.

Mwaka 1985 Gelles na Straus walirudia utafiti kwa kaya 6,002 na kutangaza kwamba vipigo vikali zaidi dhidi ya watoto vilikuwa vimeshuka kutoka 36 hadi 19 kwa kila watoto 1,000. Habari njema, ila mara ya kwanza watu walihojiwa ana kwa ana na mara ya pili walihojiwa kwa simu, kwa hiyo wakosoaji waliuliza kama kilichopungua ni vipigo au ni utayari wa kuvikiri, katika nchi ambayo kwa miaka 10 ilikuwa imeambiwa kila siku kwamba kumpiga mtoto namna hiyo ni kosa.

Kwa ninyi mtakaofanya kazi na vijana, lipo jambo jingine la kushika. Gelles na wenzake walionyesha kwamba waliokua wakiona wazazi wao wakipigana walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kupiga. Watu wakaligeuza likawa laana. Joan Kaufman na Edward Zigler walipopitia tafiti zilizokuwapo, mwaka 1987, walikadiria kwamba kati ya waliotendewa ukatili utotoni, wanaokuja kuwatendea watoto wao ni kama asilimia 30. Hiyo ni kubwa, lakini wengi hawafanyi hivyo, na ofisa anayemtazama kijana wa miaka 16 kama mpigaji wa kesho amekwisha kumhukumu kabla hajatenda.

Sasa nifike kwa mtoto niliyemtaja katika kichwa cha mhadhara. Huko Rhode Island, jimbo la Marekani ambako Gelles alikuwa akifundisha, mtoto wa miezi 15 aliuawa na mama yake, na familia ile haikuwa ngeni kwa maofisa wa watoto. Gelles alilifuatilia faili lile, na mwaka 1996 akatoa kitabu kinachosema kwamba sera ya kuhifadhi familia kwa gharama yoyote, ambayo yeye mwenyewe aliiunga mkono, ilikuwa inawagharimu baadhi ya watoto uhai wao. Mwaka uliofuata ilipitishwa sheria ya shirikisho, ambayo yeye alishiriki katika kuiandaa, iliyotaka serikali za majimbo kwa kawaida zifungue shauri la kuondoa haki za mzazi pale mtoto anapokuwa amekaa kwenye malezi ya kambo, yaani kwa walezi wa muda baada ya kuondolewa kwao, miezi 15 kati ya 22. Gelles alihamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1998, na baadaye akawa mkuu wa shule ya ustawi wa jamii pale.

Kuna jambo linalonikaa moyoni kila ninaposoma habari hizi. Utafiti mkubwa wa 1975 uliuliza juu ya watoto wa miaka 3 hadi 17 wanaoishi na wazazi wawili. Mtoto wa miezi 15 hakuwamo katika swali. Aliyembadilisha mtafiti alikuja kutoka nje ya dodoso lake.

Sheria ya 1997 nayo ilikuwa na walioachwa nje. Dorothy Roberts, ambaye mwaka 2012 alikuja kufundisha chuo kilekile cha Pennsylvania, ameandika kwa miaka mingi jinsi watoto wa Kiafrika wa Marekani wanavyoondolewa majumbani kupita uwiano wao, na jinsi umaskini unavyosomwa kama uzembe wa mzazi. Mwaka 2018 sheria nyingine iliruhusu fedha za malezi ya kambo zitumike kusaidia familia kabla mtoto hajaondolewa. Naona Gelles alikuwa sahihi juu ya lile faili, na alikosea alipofanya faili moja kuwa kipimo cha nchi.

Utafiti wa nchi yetu wa 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulihoji vijana wenyewe, wa miaka 13 hadi 24, na karibu robo tatu yao, wasichana kwa wavulana, walisema walipigwa kabla ya kufikisha miaka 18. Kuwauliza wao badala ya wazazi ni hatua kubwa kuliko orodha ya Straus. Hata hivyo siku moja, katika kazi nyingine ndogo niliyoisimamia, niliorodhesha wanakaya wote wa nyumba moja, nikahoji waliostahili, nikafunga daftari. Binti wa miaka 14 hivi akaniletea maji kwenye bilauri na kurudi uani kufua. Nilifungua daftari nikatafuta jina lake. Mama mwenye nyumba akasema, huyo? Huyo si wa hapa, huyo ananisaidia tu.