Nusu Mzunguko Uliozidi: Jinsi Mruko wa Axel Unavyofunzwa

Mabibi na mabwana, katika miruko sita mikuu ya kuteleza kwa madoido juu ya barafu, ni mmoja tu unaoanza mtelezaji akiwa ameelekea mbele. Huo ni mruko wa Axel, uliopewa jina la Axel Paulsen, Mnorwe aliyeuonyesha Vienna mwaka 1882. Kwa kuwa miruko yote humalizikia kinyumenyume, anayeruka Axel hulazimika kuzunguka nusu zaidi ya wenzake, na nusu hiyo ndiyo inayowatoa watu jasho.

Mwanafunzi mgeni hudhani kwamba dawa yake ni kuruka juu zaidi. Sivyo, kwa maana hata bingwa hakai hewani sekunde nzima. Kinachomwokoa ni kujikunja upesi, kwani mikono ikivutwa kifuani mwili huzunguka kwa kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo mwalimu makini huanzia mwishoni: humzungusha mwanafunzi papo hapo kwa mguu wa kulia, wa kushoto ukiwa umepishana mbele yake, mpaka mkao huo umkae mwilini. Kisha humrusha nusu mzunguko tu. Ugumu uko katika kuviunganisha viwili hivyo, kwa sababu mtelezaji kwa kawaida huondoka kwa mguu wa kushoto, goti la kulia likipanda kama la mtu anayekwea ngazi, na uzito wake wote hauna budi kuhamia kulia kabla hajajikunja. Akiwa na pupa ya kuzunguka, bega hutangulia, naye huanguka kiubavu.

Dick Button aliruka Axel ya mizunguko miwili na nusu huko St. Moritz mwaka 1948, na Vern Taylor akaongeza mmoja huko Ottawa mwaka 1978. Mzunguko wa nne ulisubiri miaka 44. Yuzuru Hanyu aliujaribu Beijing, Februari 2022, akaanguka, na waamuzi wakaona mzunguko haukutimia. Septemba mwaka huohuo Ilia Malinin, kijana wa miaka 17, akaukamilisha Lake Placid.

Kutimia huko hata mwalimu wa watoto hukupima, tena bila kamera. Huinama akautazama mchirizi wa chuma cha kiatu pale mwanafunzi alipotua: ukianza kwa kijindoano, mzunguko ulimalizikia juu ya barafu. Mtoto huapa kwamba alimaliza hewani. Huonyeshwa kijindoano, akarudishwa kuanza upya.