Saba kati ya manane, na kifungu hakukisoma

REHEMA: Haya wapendwa, karibuni tena. Mimi ni Rehema, na huyu hapa mnamjua.

ATHUMANI: Shikamoo dada.

REHEMA: Marahaba. Leo nina mambo matatu kwa ajili ya wanaojiandaa kuingia chuo: namna ya kupitia ukurasa kabla hujaanza kuusoma, namna ya kukisia maana ya neno usilolijua, na ile orodha ya maneno ya kitaaluma niliyowaahidi. Lakini kwanza nimsimulie Athumani kilichotokea darasani Jumanne, maana wiki nzima kimenikaa kichwani.

ATHUMANI: Lile darasa la jioni?

REHEMA: Lile lile. Wamemaliza kidato cha sita, matokeo wanayo, wanasubiri vyuo vifunguliwe. Kiingereza cha kuombea maji wanacho, na zaidi ya hapo. Wakwamapo ni kwenye kurasa mbili tatu za kitabu cha chuo. Sasa nikawapa kifungu kuhusu kwa nini maji ya bahari hujaa na kupwa. Maswali manane, dakika ishirini. Hata dakika tano hazijaisha, kijana mmoja kanyoosha mkono: Mwalimu, nimemaliza.

ATHUMANI: Kwao wapi?

REHEMA: Mafia.

ATHUMANI: (anacheka) Basi! Umemtega samaki kwa maji.

REHEMA: Nikachukua karatasi yake nikasahihisha palepale. Saba kati ya manane. Nikafurahi, halafu nikatazama kile kifungu. Zile karatasi nilizibana kwa pini kwenye kona, na ukifungua ukurasa wa pili lazima ubaki mkunjo pale kwenye pini. Yake haikuwa na mkunjo. Hakufungua.

ATHUMANI: Angefungua afuate nini? Bamvua anaijua tangu hajaanza la kwanza. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na yanapwa mbali sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji karibu. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Pale kwetu Pangani...

REHEMA: Wasikilizaji, wekeni alama. Pangani ya kwanza.

ATHUMANI: Ngoja, hii inahusu! Pale Pangani, ukitaka kuvuka na pantoni kwenda Bweni, unatazama kwanza mto unavuta kwenda baharini au bahari ndiyo inaingia mtoni. Mtoto wa miaka sita anakwambia. Na kina mama wanaochokoa pweza mwambani hawahitaji kalenda. Siku za bamvua, maji yakishapwa, wote wako nje na vijiti vyao. Wakulima wa mwani kule Paje na Jambiani ni hivyo hivyo, kazi yao inafuata bamvua. Hiyo ni elimu, dada.

REHEMA: Nani kasema si elimu? Ninachouliza ni kama kijana alisoma.

ATHUMANI: Alisoma. Alisoma maswali kwa Kiingereza, akayaelewa, akajibu kwa Kiingereza. Unataka nini tena?

REHEMA: Nataka lile la nane. Uliza alikosa lipi.

ATHUMANI: Alikosa lipi?

REHEMA: Swali lilikuwa hivi: kwa maelezo ya mwandishi, kwa nini maji hujaa pia upande wa dunia usioelekea mwezi?

ATHUMANI: ...Kwa sababu mwezi unavuta.

REHEMA: Unavuta upande wake. Huku kwingine je? Mwezi uko kule, maji yanajaa huku.

ATHUMANI: Aa. Sasa hapo...

REHEMA: Aya ya nne inaeleza. Nguvu ya mvuto wa mwezi inapungua kadiri unavyokwenda mbali nao. Maji ya upande wa karibu yanavutwa kuliko dunia yenyewe, yanainuka. Dunia nayo inavutwa kuliko maji ya upande wa mbali, kwa hiyo yale maji yanabaki nyuma, nayo yanaonekana yameinuka. Ndiyo maana tunapata maji makuu mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Pwani inakufundisha yanajaa lini. Ile ya kwa nini mara mbili, hata ukae ufukweni miaka arobaini hutaiona kwa macho.

ATHUMANI: Hiyo tamu kweli. Sikuwahi kuijua, na nimezaliwa Pangani.

REHEMA: Pangani ya pili, au ya tatu? Nimepoteza hesabu. Lakini unaona? Mwandishi kaandika kurasa mbili kwa ajili ya jambo hilo moja, na ndilo lililompita. Sasa nikupe upande wa pili. Yupo binti wa Singida, bahari ameiona akiwa mkubwa, alipokuja Dar. Alipata matano. Karatasi yake imejaa penseli. Kila alipokuta "this" au "it" kazungushia duara, kisha kachora mshale kurudi nyuma hadi kwenye kile kinachotajwa. Mshale mmoja umevuka aya nzima. Kwenye "however" kaweka mistari miwili pembeni, kwamba hapa mwandishi anageuka. La nane alilipata. Niambie wewe, kati ya hao wawili msomaji ni nani?

ATHUMANI: Wote wawili.

REHEMA: Hujajibu.

ATHUMANI: Nimejibu. Kusoma ni kuoanisha unachokijua na kilichoandikwa. Yule kaja na mzigo mkubwa, huyu kaja na penseli. Kuna utafiti wa mwaka 1988, Recht na Leslie, kule Marekani. Waliwapa wanafunzi 64 kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wale waliohesabiwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo walikielewa na kukikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Maana yake unachokijua kinabeba usomaji wako kuliko tunavyodhani.

REHEMA: Utafiti huo naujua, na unanisaidia mimi. Wapelekee wale wale kifungu kisicho cha besiboli uone watakavyorudi walipokuwa. Kijana wa Mafia mwezi wa kumi na moja atafunguliwa kitabu cha uchumi au cha biokemia. Kwao hakuna bamvua ya biokemia. Atashika nini, kama hajazoea kuongozwa na ukurasa?

ATHUMANI: Atashika kile utakachompa kabla hajafungua. Hoja yangu ndiyo hii: dakika kumi za mwanzo, zungumzeni mada kwa Kiswahili. Nani anajua nini, nani ameona nini, nini kinatushangaza. Mtoto wa Singida angejua bamvua, wa Mafia angejua kwamba kuna swali hajawahi kujiuliza. Halafu fungueni karatasi. Yule kijana angeikimbilia aya ya nne kwa njaa!

REHEMA: Na chuoni nani atampa hizo dakika kumi?

ATHUMANI: Wenzake. Dada, twende bwenini saa nne usiku, chuo chochote nchi hii. Kitabu cha Kiingereza kiko wazi katikati, wamekizunguka wanne, wanabishana kwa Kiswahili. Mimi shahada yangu ya uhasibu niliipata hivyo.

REHEMA: Na kwenye mtihani mko wanne?

ATHUMANI: Mtihani ni saa tatu. Kusoma ni miaka mitatu.

REHEMA: Wapo darasani wanaoomba ufadhili nje. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, sehemu yake ya kusoma ni vifungu vitatu, maswali 40, dakika 60, na hakuna anayekuuliza kwenu wapi. Kifungu kimoja cha barafu, kingine cha uchongaji, kingine cha nyuki. Nikiwazoesha kwamba kila kifungu kina utangulizi wa Kiswahili, nimewanyima. Na tatizo hili si la jana. Mwaka 1984 watafiti wawili, Criper na Dodd, waliwapima Kiingereza wanafunzi wetu wa Tanzania. Kwa wale wa chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ndio walioweza kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Wengi wa vijana wangu walisoma miaka saba kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yakageuka Kiingereza ghafla. Walichojifunza ni kuokoa maisha, kubahatisha kinachotakiwa bila kusoma kilichoandikwa. Yule kijana ana akili sana, na ndiyo maana naogopa. Akili yake imemficha miaka sita.

ATHUMANI: Haijamficha, imemfikisha. Na huo mgeuko wa ghafla unaousema ndio hoja yangu. Daraja lilivunjwa kidato cha kwanza, wewe unataka aruke mto tena.

REHEMA: Nataka ajue kuogelea.

ATHUMANI: Hapo hatutakubaliana.

REHEMA: Hatutakubaliana, na alama zake sikumkata. Saba ni saba. Nilimrudishia kifungu nikamwambia anitafutie kwenye karatasi sentensi iliyompa kila jibu, aipigie mstari. Alikaa nayo hadi walinzi wakaanza kuzima taa. Sita alizipata. La tano jibu lake lilikuwa sahihi, lakini mwandishi hakulisema popote.

ATHUMANI: Ee! Hilo unalisahihishaje?

REHEMA: Bado sijaamua. Lilisema maji mafu ni wakati mbaya kwa wachokoa pweza.

ATHUMANI: Kweli kabisa!

REHEMA: Kweli, lakini swali liliuliza "kwa mujibu wa kifungu".

ATHUMANI: Mpe alama yake, dada. Mwandishi ndiye aliyesahau pweza.

REHEMA: Fundi ananionyesha vidole viwili, dakika mbili zimebaki. Jamani, kupitia ukurasa hatufiki. Kukisia neno hatufiki. Orodha ya maneno ni ya Coxhead, ya mwaka 2000, familia za maneno 570, yaani neno pamoja na ndugu zake, zinazojirudia kwenye maandishi ya kitaaluma ya kila fani. Ipo intaneti bure. Chukueni kumi kwa wiki, na msiyakariri peke yake, yatafuteni ndani ya sentensi.

ATHUMANI: Jumanne hii unawapa kifungu gani?

REHEMA: Mfumuko wa bei.

ATHUMANI: Safi! Wote wanajua bei ya unga. Waanze na hiyo, dakika kumi, Kiswahili.

REHEMA: Hapana.

ATHUMANI: Tano.

REHEMA: Athumani, wanasoma kwanza. Unga watauzungumza baadaye.

ATHUMANI: Wasikilizaji, mwandikieni Mwalimu.

REHEMA: Waandike, nitasoma kila ujumbe mpaka mwisho. Kwaherini wapendwa.