Kata ya Mkanda Mweupe Haivuliwi

Wazee wangu, kina mama mliowaleta watoto, nanyi wanafunzi, asalaam aleikum. Watoto kaeni chini, leo hakuna ngumi.

Kila baada ya mtihani wa mikanda ya karate, swali mnaloniuliza mwalimu wenu huwa lile lile: "Sensei, sasa nitapewa kata gani?" Utadhani kata, ule mfululizo wa kinga na mapigo unaoufanya peke yako, ni kanzu ya Idi, ya mwaka jana anarithi mdogo wako.

Kwenye mtindo wa Shotokan mkanda mweupe huanza na kata ya Heian Shodan, yenye hesabu 21. Heian ziko tano. Baada yake huja Tekki Shodan, na kwenye kahawia mara nyingi ni Bassai Dai. Rangi hutofautiana chama na chama, hilo tusigombanie. Mpangilio wenyewe haukushuka mbinguni. Mzee Itosu, mwalimu wa karate wa Okinawa kule Japani, alizipanga hizo tano mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya watoto wa shule, akaziita Pinan. Mwanafunzi wake Funakoshi, aliyehamia Tokyo mwaka 1922, baadaye aliziita Heian, na ile ya pili akaitanguliza kwa kuwa ni nyepesi.

Tekki nayo huenda kulia na kushoto tu, miguu umeipanua kama mpanda farasi. Hapa Lamu tuseme punda. Wapo wanaodai ilitungwa ya kupigania ukutani. Siamini sana, ila vichochoro vya Mkomani inavifaa. Nyumba ikijaa wageni mimi huifanyia huko, mpaka apite punda na mawe yake.

Nilipokuwa mkanda wa kijani nilishaiiba Bassai Dai kwa kuwachungulia wakubwa. Siku ya mtihani mwalimu akaniambia, "Nipe Heian Shodan." Nikacheka moyoni. Nikakinga juu mara tatu, nikapiga kiai, ule ukelele wa nguvu, nikafika pale pa kugeuka robo tatu ya duara, mguu wa kushoto ukipitia nyuma. Kisigino cha kulia kikanyanyuka, nikayumba kama chombo kisicho na farumi. Mkanda sikupewa.

Sasa nendeni ufukweni Shela maji yakitoka. Chora duara kwa kidole cha mguu, simama ndani, uifanye Heian Shodan mpaka mwisho. Inatakiwa ikurudishe ulipoanzia. Wengi wenu mtajikuta nje. Usiufute mchanga, rudi usome nyayo zako: hatua za kwenda ndefu, za kurudi, pumzi ishakata, fupi. Na pale ulipogeukia, kisigino kikikaa utaona kishimo kidogo cha mviringo. Kikinyanyuka, mchanga umetifuka kama palipoburutwa nanga.

Jumamosi baada ya alasiri tutakuwa huko, wenye mikanda ya kahawia na mweusi kwanza. Mimi juzi nilitoka nje ya duara kwa unyayo mzima.