Kabla ya kufunga boksi, pigeni simu Mwanza

Shikamooni wazazi, na nyie vijana hamjambo? Nimeambiwa nisizidishe nusu saa kwaiyo naingia moja kwa moja. Mimi nimefundisha shule ya msingi Mwanza miaka mingi, na kwa miaka tisa nilikuwa ndo yule mwalimu wa urafiki, yaani barua za shule rafiki ya huku Ujerumani zilikuwa zinakuja kwangu na maboksi yao yalikuwa yanafunguliwa mbele yangu. Na nyie mnaoishi hapa Würzburg mnajua huu mji na Mwanza ni ndugu tangu 1966, kwaiyo nikisikia watoto wetu waliozaliwa huku wanataka kuchangisha na wenzao wa darasani kwa ajili ya shule ya kule, moyo wangu unafurahi kweli. Ila nina neno moja nataka mlishike, ulizeni kwanza.

Ngoja niwaambie boksi moja. Lilikuja mwezi wa pili, jua la Mwanza mnalijua, hata mawe yanachemka. Tukalifungua ofisini na kisu cha jikoni, juu kabisa kulikuwa na glavu za sufu, nzito, za baridi, pea kwa pea, na kila pea imefungwa na uzi mwekundu ukapigwa fundo dogo zuri. Nilizishika zile glavu nikakaa kimya, maana niliona kabisa kuna mtoto huku alikaa mezani jioni nzima anafunga mafundo yale, anamfikiria mwenzake asiyemjua asije akapigwa na baridi. Upendo ulikuwepo wote pale. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwetu hakuna theluji. Chini yake vitabu vya hadithi vya Kijerumani, alafu kompyuta mpakato mbili zenye plagi ya pini mbili za duara wakati soketi zetu ni za pini tatu za bapa, na darasa la kuziwekea halikuwa na umeme. Glavu mama mpishi alizichukua, akawa anashikia sufuria la uji, zilimfaa sana. Kompyuta zilikaa kabatini.

Na lile boksi kufika tu ilikuwa shughuli. Mzigo ulikaa bandarini wiki kadhaa kwa sababu karatasi hazikukamilika, hapo bandarini kila siku inayopita inahesabiwa hela ya kutunza mzigo, kuna wakala wa kuutoa analipwa, kuna basi la kutoka Dar mpaka Mwanza, tukijumlisha sisi walimu tukaona hela ile ingetosha kabisa kuchapisha mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Na kama mnakusanya nguo jueni TBS, lile shirika la viwango la Tanzania, imekataza nguo za ndani za mitumba kuingia nchini, msije mkaziweka kwa nia njema mzigo mzima ukaleta maneno.

Sasa nini kinahitajika? Hapa nikae kidogo maana watu wengi wa huku hawajui shule yetu inaendaje. Ada ya serikali ilifutwa, tangu 2016 elimu ni bila ada, na serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja wa msingi kwa mwaka, ambapo 6,000 ndo inakuja shuleni na 4,000 inabaki kwa ajili ya vitabu. Hiyo 6,000 ni chaki, ni kukarabati, ni mitihani, ni michezo, yote hayo. Kwaiyo usishangae ukimuuliza mwalimu mkuu anahitaji nini akakwambia rimu za karatasi na wino wa mashine, ukaona mbona kitu kidogo, si kidogo jamani. Au atakwambia tenki la maji la kukingia mvua, au madawati. Dawati linatengenezwa na fundi wa hapohapo mtaani, mbao za hapohapo, likivunjika mguu yule yule fundi anakuja na nyundo yake. Na vitabu vivyo hivyo, masomo kama hisabati na sayansi shule za msingi za serikali yanafundishwa kwa Kiswahili, kitabu cha kumsaidia mtoto wa darasa la nne kinauzwa Mwanza hakiuzwi Munich. Tumeni hela, vitu vinunuliwe kule.

Hela mtaipataje, hapo nyie vijana mna njia nzuri kuliko zetu. Ile mbio ya hisani ya shule za huku mimi naipenda sana. Mtoto anapewa kadi, anazunguka kwa bibi, kwa jirani, kwa mwenye duka la mikate, kila mmoja anaandika atatoa senti 50 au yuro moja kwa kila mzunguko, alafu siku ya mbio akimaliza mzunguko anagongewa muhuri. Andikeni pia kiwango cha mwisho, maana mtoto akichangamka akakimbia mizunguko 40 bibi wa watu atapata shida. Kukimbia ni asubuhi moja tu, kazi yenyewe ni kukusanya ahadi, kwaiyo wekeni wiki moja na mwalimu mmoja wa kupokea, ikipita mwezi watu wameshasahau. Kuuza keki na maandazi soko la Krismasi nako kunalipa, na hela ikitumwa mwezi wa kwanza inakuta shule zinafunguliwa. Ila kama ni tenki, mbio ifanyeni mapema kabla ya likizo ya kiangazi, ili mwezi wa kumi mvua za vuli zikianza bati liwe limeshafungwa mfereji.

Hela iingie akaunti ya benki ya shule. Si simu ya mwalimu, hata kama mwalimu huyo ni mimi na mnanipenda. Akaunti ya shule ina watia sahihi, kamati ya shule inajua, kitu kikinunuliwa kinaingia kwenye leja, risiti inapigwa picha mnatumiwa. Na nyie bandikeni ile risiti ukutani kwenye korido, watoto waliokimbia waione.

Kuhusu picha nawaomba kwa moyo wote. Msitafute mtoto mwenye kamasi na shati limechanika mkamweka kwenye bango. Yule mtoto ana mama yake. Ana jina, anajua kupiga hesabu za kichwa kuliko wengi humu, na siku moja ataiona hiyo picha. Weka picha ya tenki, weka barua aliyoandika mwenyewe. Watoto wetu nao wana cha kutoa, waliwahi kuwafundisha wenzao wa huku kucheza bao, walichora mashimo kwenye karatasi wakatuma na kete za mbegu, wenzao wakaandika wanataka mchezo mwingine.

Basi tuanze. Mwanza iko mbele yenu masaa mawili sasa hivi kipindi cha baridi, kwaiyo nyie mkitoka shule saa saba mchana kule ni saa tisa na mwalimu wa taaluma bado yuko ofisini. Maswali ya kumuuliza tuyaandike leo hapahapa kabla hatujala, karatasi ninazo, vijana sogezeni viti mbele.