Gallatin: mpinga kodi ya wiski aliyekuja kufunga bandari za Marekani

Haya tuanze, wanaochelewa watatukuta njiani. Naona huku mbele kuna vijana wameshaanza kucheka, hao walishanisikia na wanajua naelekea wapi. Chekeni tu wanangu, leo mtasikia tena, kwa sababu bado kila nikikaa na watu wanaosoma historia ya Marekani naambiwa jambo lilelile: serikali kuu ya kule ilikuzwa na Hamilton, waziri wa fedha wa Washington, rais Jefferson akaja akaipunguza, basi, mchezo umeisha. Hamilton mtu wa benki na jeshi, Jefferson mtu wa mkulima na jembe lake. Hadithi tamu sana, shida yake ni kwamba si kweli. Mimi nasema walioikuza sana serikali kuu ni wale walioingia madarakani wakiapa kuikata miguu. Na ukitaka kuliona hilo vizuri usimwangalie Jefferson peke yake, muangalie waziri wake wa fedha, Albert Gallatin.

Nani anamjua Gallatin? Mikono juu. Mmoja... wewe umemwona jina tu, shusha mkono.

Huyu bwana ni Mswisi, mzaliwa wa Geneva, 1761. Kafika Marekani 1780, Kiingereza chake kina lafudhi nzito ya Kifaransa ambayo wapinzani wake waliicheka mpaka uzeeni. Akaenda kukaa magharibi ya Pennsylvania, ng'ambo ya milima, kaunti ya Fayette. Sasa huko ndiko kwenye stori yenyewe, msiharakishe.

Mnajua habari ya madeni ya vita ya uhuru dhidi ya Uingereza, siirudii. Hamilton alisema serikali kuu ibebe madeni ya majimbo pia, ikakubaliwa 1790, na deni likishabebwa lazima lilipwe, na ushuru wa forodha peke yake hautoshi. Ndipo 1791 ikaja kodi ya wiski. Mtu wa Philadelphia akisikia kodi ya wiski anaona ni kodi ya starehe, anywe kidogo basi. Kule ng'ambo ya milima ilikuwa kitu kingine kabisa. Mkulima ana nafaka, soko liko mashariki, katikati kuna milima na barabara ni njia ya farasi tu. Ukimpakia farasi nafaka, gharama ya safari inakula bei yote. Ukiipika nafaka hiyohiyo ikawa wiski, farasi yuleyule anabeba thamani ya magunia mengi. Tena pesa taslimu ilikuwa haionekani huko, wiski ndiyo ilikuwa pesa, kibarua analipwa wiski, deni dukani linalipwa wiski. Halafu serikali inakuja inasema tunataka kodi, na tunaitaka taslimu! Na ukishtakiwa, kesi yako iko Philadelphia, wiki nzima na zaidi ya safari, shamba umemwachia nani? Na wenye mitambo mikubwa mwisho wa hesabu walikuwa wanalipa kidogo kwa galoni kuliko mwenye kimtambo chake nyuma ya nyumba. Nyie mngefanya nini?

Wakakutana Pittsburgh, Agosti 1792, wakatoa maazimio makali, watoza kodi watengwe, wasisaidiwe, wasisalimiwe. Na katibu wa mkutano ule, aliyeshika kalamu, nani? Gallatin. Baadaye kule bungeni Pennsylvania alikiri wazi kwamba maazimio yale ndiyo dhambi yake pekee ya kisiasa. Pekee! Mwanasiasa mwenye dhambi moja, hebu nionyesheni mwingine.

1794 mambo yakachafuka. Julai watu wenye bunduki walizingira nyumba ya mkaguzi wa kodi, John Neville, wakaichoma, na kiongozi wao James McFarlane akauawa palepale. Gallatin safari hii akasimama upande wa amani, kwenye mkutano wa Brownsville alisimama mbele ya watu wenye hasira na silaha akawaambia acheni, mtii sheria. Ilitaka moyo. Lakini Washington alishaamua. Akaita wanamgambo wa majimbo manne, karibu watu 13,000, jeshi kubwa kiasi kwamba wakati wa vita ya uhuru mwenyewe mara nyingi hakuwa nalo, akapanda farasi akaenda nalo mpaka Bedford, rais aliye madarakani, na Hamilton pembeni yake. Wamevuka milima wamekuta nini? Hakuna mtu. Waasi wamerudi mashambani. Wakakamatwa watu, wachache wakaburutwa mpaka Philadelphia, wawili tu ndio wakatiwa hatiani kwa uhaini na Washington akawasamehe wote wawili.

Sasa kuna mtu atasema, mzee, si unaona, hapo ni Washington na Hamilton ndio wamekuza nguvu za serikali kuu, umejipinga mwenyewe. Ngoja bwana. Sijasema hawakujenga, waliweka msingi, benki ya taifa ya 1791, jeshi, mahakama, sawa. Lakini angalieni walivyoenda. Sheria ya wanamgambo ya 1792 ilimtaka rais apate kwanza cheti cha jaji kwamba mahakama zimeshindwa, Washington akakisubiri hicho cheti kutoka kwa jaji James Wilson. Akatuma wajumbe wakazungumze kwanza. Alijua anatazamwa. Mtu anayesemwa kila siku kwamba anataka kuwa mfalme anakuwa na adabu fulani na madaraka. Anayejiona yeye ndiye uhuru wenyewe, huyo hana breki.

Adams, rais aliyemfuata Washington, nampita, mnamjua, ile sheria yake ya 1798 ya kufunga wanaoisema vibaya serikali, wakamfunga mbunge Matthew Lyon wa Vermont na wananchi wakamchagua tena akiwa jela, safi sana. Twende 1801.

Jefferson anaingia, Gallatin anapewa wizara ya fedha. Mpinga kodi amekabidhiwa kodi! Na lazima niwe mkweli, mwanzoni walifanya walichosema. 1802 wakafuta kodi zote za ndani, ya wiski ikiwemo, wakapunguza jeshi, na Gallatin akashusha deni la taifa kutoka kama dola milioni 83 mpaka milioni 57 ilipofika 1809. Mhasibu hodari, sina ugomvi naye hapo. Ingawa mwaka uleule wa 1802 Jefferson alianzisha chuo cha kijeshi cha West Point, na huyuhuyu mwaka 1793 akiwa kwenye baraza la mawaziri alisema Katiba haitoi mamlaka ya kuanzisha chuo cha namna hiyo. Kiti kina mambo.

Ununuzi wa Louisiana kutoka Ufaransa 1803 sitakaa sana, kila mtu anaukalia. Ila mambo mawili. La kwanza, acheni kuniambia Jefferson alikuwa mjanja wa kununua ardhi. Napoleon aliuza kwa sababu Waafrika wa Saint-Domingue, koloni la Wafaransa ambalo ndilo Haiti, walimvunja mgongo, jeshi la jenerali wake Leclerc liliisha kwa vita na homa ya manjano, Leclerc mwenyewe akafa Novemba 1802, na bila kisiwa kile Louisiana haikuwa na kazi tena kwa Napoleon. Walioipa Marekani nusu ya ardhi yake ni watu waliokuwa watumwa, na shukrani waliyopata ni Marekani kupiga marufuku biashara na Haiti mwaka 1806. Na kwenye sehemu ya ardhi hiyo ukapelekwa utumwa. Hilo nalisema kila mara na nitalisema tena. La pili, Jefferson mwenyewe aliamini Katiba haimruhusu kununua nchi ya kigeni, akaandika rasimu ya marekebisho ya Katiba kabisa. Gallatin tangu Januari alishamwambia mzee tulia, taifa lina haki ya kujipatia ardhi, mkataba unatosha. Habari zikaja kutoka Paris kwamba Napoleon anaweza kubadili mawazo, rasimu ikaingia kwenye droo, Seneti ikapitisha mkataba kwa kura 24 dhidi ya 7. Mantiki ya Gallatin hapo, angeisoma Hamilton angeona ameibiwa daftari.

Sasa nakuja kwenye chenyewe. Marufuku ya meli, Desemba 1807. Mwenyekiti usinionyeshe saa bado.

Waingereza na Wafaransa wako vitani, wote wanakamata meli za Marekani, Waingereza wanateka mpaka mabaharia. Juni 1807 meli ya kivita Leopard ikaipiga mizinga Chesapeake, meli ya kivita ya Marekani, karibu na Norfolk, watu wakafa, mabaharia wanne wakachukuliwa. Nchi nzima inataka vita. Jefferson hataki vita, hataki jeshi, hataki kodi za jeshi. Akasema basi, hakuna meli kutoka. Yaani hakuwawekea vikwazo Waingereza, aliwawekea watu wake! Meli zote za Marekani zisiende bandari yoyote ya nje. Gallatin alimwandikia kabla sheria haijapita, akamwambia makatazo ya serikali siku zote huleta madhara kuliko yaliyokadiriwa, na kwamba vita ni bora kuliko marufuku isiyo na mwisho. Akasikilizwa? Hakusikilizwa. Na nani alipewa kazi ya kuitekeleza, maana forodha ziko chini ya wizara ya fedha? Gallatin.

Bidhaa zilizouzwa nje zilishuka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 mpaka milioni 22 mwaka 1808. Meli zinaoza bandarini Boston na Salem, mabaharia wanakula supu ya sadaka, mkulima wa ngano bei imekufa. Na magendo yakaanza, hapo ndipo utamu. Meli inasema inapeleka unga Georgia, upepo "unaisukuma" mpaka visiwa vya Karibiani, kila wiki upepo uleule! Magavana wakapewa ruhusa ya kutoa vyeti vya unga kwa majimbo yenye upungufu, gavana wa Massachusetts akavigawa kama karanga. Kule ziwa Champlain watu waliunga magogo wakapata maboma yanayoelea, wakapakia mizigo na bunduki juu yake wakateremka nayo Kanada. Aprili 1808 Jefferson akatoa tangazo kwamba eneo lile liko kwenye uasi. Jefferson! Na hakuna cheti cha jaji alichokisubiri kama mwenzake Washington.

Kila tundu likizibwa lingine linafunguka. Mashua ndogo nazo zikatakiwa ziweke dhamana, kisha mikokoteni ya nchi kavu kuelekea mpakani. Huko Charleston jaji William Johnson, aliyeteuliwa na Jefferson mwenyewe, akasema maagizo ya wizara kwa maofisa wa forodha yamepita sheria, ikulu ikampuuza. Julai 1808 Gallatin kachoka, anamwandikia Jefferson kwamba Bunge lichague, ama limpe rais mamlaka ya kidikteta kabisa na nguvu za kutosha, ama liachane na sheria hii. Someni barua hiyo pembeni ya maazimio ya Pittsburgh, mkono ni uleule!

Na Bunge likachagua. Januari 1809 ikapita sheria ya utekelezaji: ofisa wa forodha akihisi tu kwamba mzigo unaelekea nje anaukamata, bila hati ya mahakama, hata ukiwa kwenye gari la ng'ombe, na rais anaweza kutumia jeshi na wanamgambo dhidi ya raia. Mnakumbuka kwa nini Wamarekani waligombana na mfalme wa Uingereza? Pamoja na mengine, upekuzi wa maofisa wa forodha! Hamilton hakuwahi kuota kitu kama hiki, na kama angekileta Jefferson angeandika vitabu vitatu.

Mtu ataniambia lakini mzee nia yake ilikuwa njema, alikuwa anakwepa vita. Najua, sijasema alikuwa mbaya. Ndio maana nasema ni hatari zaidi, kwa sababu chama chake kilimeza kile ambacho kingetoka kwa Hamilton kingetapikwa siku hiyohiyo. Waliobaki kupiga kelele za haki za majimbo ni wale Wafederali, chama cha Hamilton, wa New England kule kaskazini-mashariki, waliokuwa wakipigia debe serikali kuu! Pande zimebadilishana jezi katikati ya mechi. Tarehe 1 Machi 1809 Jefferson akasaini kuifuta, siku tatu kabla ya kuondoka.

Haya, dakika tano, nimeona. Madison, rais aliyemfuata Jefferson, basi nakimbia. 1791 alisema benki ya taifa ni kinyume cha Katiba. Mkataba wa benki unaisha 1811, Gallatin anaomba uongezwe, ndio, anaiombea benki ya Hamilton, Seneti inagawanyika sawa, makamu wa rais George Clinton anapiga kura ya kuiua. Mwaka unaofuata vita na Uingereza. Vita bila benki! 1813 Gallatin anahitaji mkopo wa dola milioni 16, hazipatikani, inabidi aende kwa matajiri watatu, akiwemo Stephen Girard wa Philadelphia, ambaye alishanunua jengo la benki ileile iliyouawa. Agosti 1814 Waingereza wakachoma Ikulu. Na 1816 Madison, yuleyule, anasaini benki mpya yenye mtaji wa dola milioni 35, ile ya kwanza ilikuwa milioni 10 tu. Jaji mkuu Marshall mwaka 1819 kwenye kesi ya McCulloch, iliyohusu benki hiyo, alikuja kupiga muhuri kwenye kitu ambacho Madison alishasaini. Barabara, rais Monroe, na yule mjumbe Edmund Roberts ambaye rais Jackson alimtuma kimyakimya mpaka kwa Sayyid Said akasaini naye mkataba wa biashara 1833, hayo yote nilikuwa nayo humu na hayatoshi muda, mtaniuliza nje.

Swali la kwanza, dada pale nyuma. Na tafadhali lisiwe la Hamilton.