Ada ya Mlezi: Ghali kwa Kipimo Gani?

REHEMA: Karibuni tena. Leo kaka Salum kaja na karatasi, na nyie mnazijua karatasi za Salum.

SALUM: Moja tu, dada. Juzi jirani yangu kanisimamisha mlangoni, kashika mkataba wa mlezi anayelea watoto nyumbani kwake. Ananiuliza, "Hivi huyu mama hanipigi kwa ada hii?"

REHEMA: Ukamwambiaje?

SALUM: Nikamuuliza, kwa siku unafanya kazi masaa mangapi? Manane. Mtoto je, atakaa huko masaa mangapi? Kimya.

REHEMA: Hee!

SALUM: Masaa manane ya kazi, saa moja ya mapumziko, nusu saa njia ya kwenda, nusu saa ya kurudi. Kumi hayo. Kwa siku tano ni 50. Yaani jirani kalipwa masaa 40, mlezi kalea 50, na mtoto wa mwisho akiondoka ndiyo anaanza kudeki.

REHEMA: Sawa, lakini ngoja nisimame upande wa mzazi. Halei wangu peke yake. Ana wengine, na kila mmoja analipa.

SALUM: Wangapi? Hapo ndipo penye hesabu yote. Chukua England, ambako kazi hii ina kanuni zake: mlezi mmoja kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha watoto sita wa chini ya miaka 8, na humo ndani wadogo wasiofikia umri wa shule ni watatu, na wa chini ya mwaka ni mmoja.

REHEMA: Mmoja tu?

SALUM: Mmoja. Sasa akishampokea kichanga wako, kichanga mwingine hampokei. Ndiyo maana ukiambiwa mtoto wa miezi sita ni ghali kuliko wa miaka mitatu, usikasirike haraka. Huyo mdogo kashika nafasi kubwa kuliko mwili wake.

REHEMA: Na mlezi hawezi kusema mwezi huu nitaongeza watoto kumi nipate faida.

SALUM: Kuna wanaosema. Na hao ndio ada yao inashuka ghafla. Ukikutana na bei iliyo chini mno kuliko ya wenzake, hesabu viatu mlangoni.

REHEMA: Mimi nilihesabu. Nilikuwa nimempata wa bei nafuu, nikajiona mjanja. Siku moja nikarudi mchana kupeleka dawa niliyoisahau. Viatu jozi kumi na moja, mtu mzima mmoja. Wangu yuko sebuleni, kafungwa mkanda kwenye kiti chake cha gari, mbele ya televisheni. Nepi ni ile ile ya asubuhi.

SALUM: Ulijuaje?

REHEMA: Kishikizo kilikatika alfajiri nikakibandika selotepu. Selotepu yangu ilikuwa palepale. Saa nane mchana hiyo, Salum.

SALUM: Pole sana, dada.

REHEMA: Tuendelee, nisije nikalia hewani. Jirani yako alikosea wapi kingine?

SALUM: Kwenye wiki. Katajiwa ada ya wiki, akazidisha kwa nne, akapanga bajeti. Nne mara miezi 12 ni wiki 48. Mwaka una 52. Mwezi ni wiki nne na theluthi hivi, kwa hiyo kila mwezi hesabu yake ingepungua, halafu angesema mlezi kapandisha.

REHEMA: Mimi kinachonikera ni kulipia siku ambazo mtoto hakwenda. Mwanangu yuko kwa bibi yake wiki nzima, nalipia nini?

SALUM: Nafasi. Ukisafiri, mwenye nyumba anakupunguzia kodi?

REHEMA: Haya. Na mlezi mwenyewe akiugua?

SALUM: Hapo niko na wewe. Nafasi haipo, nisilipie. Ila wapo wanaokubaliana nusu, kwa sababu huyu kajiajiri, hana wa kumlipa akilala kitandani. Muhimu iandikwe kabla, isije ikajadiliwa siku anapopiga simu ana homa.

REHEMA: Na kwenye ile ada humo ndani kuna chakula? Nepi? Wengine bei yao inaonekana ndogo, kumbe kila kitu unabeba wewe.

SALUM: Ndiyo maana namwambia mtu aulize walezi watatu swali moja, masaa yale yale, vitu vile vile, kisha agawe kwa saa. Ukilinganisha ada tupu, unalinganisha vitu viwili tofauti.

REHEMA: Kwa nini asiweke yaya nyumbani tu?

SALUM: Mwenye watoto watatu, pengine inamlipa, maana mshahara ni mmoja. Lakini yaya ni mwajiriwa wako, na wajibu unahamia kwako. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa wafanyakazi wa majumbani, namba 189 wa mwaka 2011, unataja mapumziko ya wiki yasiyopungua masaa 24 mfululizo. Wangapi wanampa?

REHEMA: Usinitazame mimi! Jirani kaishia wapi?

SALUM: Tuligawa. Kwa saa moja, ada ya mtoto ilitoka chini ya anachotoa kuegesha gari karibu na ofisi. Akacheka mwenyewe.

REHEMA: Akasaini?

SALUM: Kulikuwa na kifungu kimoja kibaya kweli: ukichelewa hata dakika moja, unalipa saa nzima. Akakikata, akaandika apewe dakika kumi na tano bure. Mlezi akakata na yeye, akaandika kumi. Wakasaini.

REHEMA: Na viatu?

SALUM: Jozi nne, na za mlezi. Alihesabu mara mbili.